Kazi Isiyoandikwa Mwisho Wake Haiishi

Leo tunaongea kuhusu karatasi. Si ile ya ukimbizi, ile tunaijua vizuri. Tunaongea kuhusu karatasi ya kazi: ile anayopaswa kuwa nayo kijana kabla hajafungua kompyuta kumtengenezea mtu tovuti, programu ya simu au mfumo wa stoo.

Msimamo wetu ni huu. Kijana mkimbizi anayefanya kazi za programu kwa kujitegemea asianze mpaka kuwe na maandishi yanayosema kazi ni nini, na itajulikana vipi kwamba imeisha. Mkataba wenye saini na mhuri ni mzuri, lakini maandishi hayo ndiyo yanatangulia. Na anayempa kazi, hasa shirika, akubali kuyalipia, kwa sababu kuyaandika ni kazi yenyewe.

Kwa nini sisi hasa? Kijana aliyezaliwa hapa akidhulumiwa faranga 200,000, mara nyingi ana mjomba, ana mwalimu wake wa zamani, ana mtu wa mtaa anayemjua huyo mteja. Watakaa, wataongea, hela itarudi hata kidogo. Wengi wetu mjomba tulimwacha Uvira, Masisi au Bujumbura. Hatuna wa kutusemea. Kinachoweza kutusemea ni maandishi. Na sisi ni watu tunaojua nguvu ya karatasi kuliko wengi: tunajua maana ya kitambulisho kilichoisha muda, tunajua kuambiwa dirishani kwamba jina lako halionekani kwenye orodha. Mtu anayelala na makaratasi ya familia chini ya mto hapaswi kufanya kazi ya miezi mitatu kwa neno la mdomo.

Sasa tuangalie matatizo yanaanzia wapi. Mara nyingi hayaanzii kwa mwizi. Yanaanzia kwa neno moja ambalo kila mtu analielewa kivyake.

Msichana mmoja wa kundi letu aliombwa na mwenye duka la vitambaa, Nyamirambo, amtengenezee "kaprogramu kadogo ka stoo". Bei: faranga 150,000. Kwake yeye, stoo ni bidhaa zinazoingia na zinazotoka. Kwa mwenye duka, stoo ni duka zima: nani ana deni, nani analeta mzigo, risiti, na yale mafungu aliyompelekea dada yake auze Kimironko. Wiki tatu zikapita, kazi ikaonekana imeisha. Hapo ndipo ikaanza. "Na madeni je?" Akaongeza madeni. "Na duka la dada?" Akaongeza. Mwezi wa nne alikuwa bado anafanya kazi ile ile, kwa bei ile ile, na nusu ya hela hajaiona. Hakuna aliyesema uongo pale. Mama wa duka anaamini kabisa kwamba hajamaliziwa kazi yake. Msichana anaamini kabisa kwamba amenyonywa. Wote wawili wana haki, na ndiyo maana hakuna atakayewaamua.

Sasa fikiria wangekaa saa moja tu na kuandika hivi:

"Programu itatumiwa na watu wawili, mwenye duka na mfanyakazi mmoja. Itafanya mambo manne: kuingiza bidhaa mpya, kurekodi mauzo, kuonyesha kilichobaki, na kutoa hesabu ya jioni. Itafanya kazi kwenye simu ya Android, hata intaneti ikikatika. Lugha ni Kinyarwanda na Kiswahili. Haitahusu madeni, wala risiti, wala duka la pili. Itahesabiwa imeisha siku ambayo mwenye duka ataingiza bidhaa 20, atauza 10, na hesabu ya jioni ikalingana na ile aliyoihesabu kwa mkono."

Ni hayo tu. Nusu ukurasa. Hakuna Kiingereza cha mahakamani, hakuna mwanasheria. Angalia sentensi mbili za mwisho. Ya kwanza inasema programu HAITAFANYA nini. Hiyo ndiyo inayookoa watu, na ndiyo ambayo vijana wengi wanaona aibu kuiandika, kama vile wanamnyima mteja kitu. Humnyimi. Unamwonyesha kwamba madeni ni kazi nyingine, yenye bei yake, na anaweza kuichagua akitaka. Ya pili inasema kazi itapimwaje. "Iwe nzuri" si kipimo. "Iwe ya haraka" si kipimo. Bidhaa 20, mauzo 10, hesabu ilingane: hicho ni kipimo, na mtu yeyote anaweza kusimama pale akaona kwa macho yake.

Kipimo kina maana hata kwa wakubwa. Septemba 1999, shirika la anga la Marekani, NASA, lilipoteza chombo kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipofika kwenye sayari ya Mirihi. Programu moja ya duniani, iliyotengenezwa na kampuni iliyopewa kandarasi, ilikuwa inatoa namba kwa vipimo vya pauni, wakati maelezo ya kazi yalitaka vipimo vya newton. Maelezo yalikuwepo, yameandikwa. Lakini ile programu haikupimwa vya kutosha dhidi ya maelezo hayo, na chombo kikaenda chini mno kikapotea. Kwa hiyo usiandike tu halafu ukaweka kwenye droo. Andika, halafu siku ya kukabidhi mkae na mteja, msome mstari kwa mstari: hii ipo, hii ipo, hii bado.

Tutofautishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Maelezo ya kazi yanajibu swali "nini". Mkataba unajibu "nani, kiasi gani, lini, na tukikosana tutafanyaje". Mkataba bila maelezo ni sahani bila chakula: umesaini kwamba utalipwa 300,000 "kwa kutengeneza tovuti", lakini tovuti yenyewe hakuna anayeijua. Maelezo bila mkataba angalau yana chakula, ila hujui utakula lini.

Kwenye mkataba, tunashauri mambo haya yasikose.

La kwanza, malipo kwa mafungu, na kila fungu lifungwe na kitu kinachoonekana. Si "baada ya mwezi", bali "baada ya mteja kuona ukurasa wa mauzo ukifanya kazi kwenye simu yake". Theluthi moja ije mwanzoni kama avansi. Mteja asiyeweza kutoa avansi ya kazi ndogo, usitegemee ataweza kutoa salio lote mwishoni.

La pili, kodi. Hapa vijana wengi wanaumia bila kujua. Mteja aliyesajiliwa hapa Rwanda akimlipa mtoa huduma ambaye hana namba ya mlipakodi, yaani TIN, anatakiwa kukata asilimia 15 na kuipeleka kwa RRA. Mlikubaliana 300,000, kwenye MoMo inaingia 255,000, unafikiri umeibiwa. Hujaibiwa, ila hakuna aliyekuambia. Andikeni wazi: bei ni kabla ya kukatwa au baada ya kukatwa? Na kampuni nyingi zitakuomba fakitura ya EBM. Uliza hilo siku ya kwanza, siyo siku ya kudai. Kama kazi zinaanza kuwa nyingi, tafuta TIN, au shirikianeni watu watatu wanne mfungue kampuni moja.

La tatu, nani ni mwenye kazi ikiisha. Domeini iandikishwe kwa jina la mteja, siyo lako. Hela ya sava ya kila mwaka ilipwe na nani? Faili zote na nenosiri zikabidhiwe lini? Sisi tunasema: vikabidhiwe siku fungu la mwisho linapoingia, na iandikwe hivyo tangu mwanzo. Ikishaandikwa, hutahitaji kufanya yale tunayoyasikia, kijana amekasirika kwa kutolipwa, anaingia usiku anafunga tovuti ya mtu. Ukifanya hivyo, hata kama unadai haki yako, kesho wewe ndiye mkosaji, na Kigali ni mji mdogo.

La nne, marekebisho. Baada ya kukabidhi, hitilafu zitarekebishwa bure kwa siku ngapi? Tunaona siku 30 zinatosha kwa kazi ndogo. Na tofauti ijulikane: hitilafu ni kitu kilichoandikwa ambacho hakifanyi kazi. Kitu ambacho hakikuandikwa ni nyongeza, na nyongeza ina bei. Ujumbe wenyewe hauhitaji ukali. Mfano:

"Mama, asante kwa wazo la madeni, ni zuri. Halikuwa kwenye yale tuliyoandika pamoja. Naweza kulifanya kwa 60,000 na siku sita, au tuliweke kwenye awamu ya pili. Mama, unapenda tufanye vipi?"

Hapo hujamkosea heshima mtu. Umempa uamuzi yeye.

La tano, tukikosana. Taja mtu mmoja ambaye nyote mnamheshimu, mtakaa kwake kwanza kabla ya kwenda kokote. Mahakama ni haki yetu, lakini kwa deni la 100,000 utamaliza hela na muda njiani. Mzee mmoja mwenye busara na karatasi iliyosainiwa mbele yake, mara nyingi vinatosha.

Tunajua mtatuambia nini. Tumeyasikia yote.

"Ukidai karatasi, mteja anakimbia." Wengine watakimbia, kweli. Lakini jiulizeni ni nani anayekimbia. Mteja aliye tayari kulipa hakimbii nusu ukurasa unaoeleza kile atakachopata, anaufurahia, maana na yeye anaogopa kupoteza hela yake. Na kama njaa inakubana na huwezi kumwachia aende, basi usimpe karatasi asaini. Mtumie ujumbe wa WhatsApp: "Boss, naomba kuhakikisha nimeelewa vizuri," halafu orodha, bei na tarehe. Akijibu "sawa", umepata kitu. Tangu mwaka 2010 Rwanda ina sheria inayotambua ujumbe na saini za elektroniki, na mwaka 2011 ikaja sheria ya mikataba. Ile "sawa" si ya kudharau. Piga picha ya skrini, itunze nje ya simu yako.

"Huyu ni ndugu yetu wa kanisani, tunaaminiana." Sawa, tuongee kuhusu kuaminiana. Kwetu Kongo, kijana akienda kuposa, familia ya binti inampa orodha ya mahari iliyoandikwa: mbuzi wangapi, suti ya baba, vitenge vya mama, hela kiasi gani. Hakuna anayesimama kusema, "Mbona mnaandika, hamtupendi?" Wanaandika kwa sababu wanataka undugu udumu, wasije wakagombana miaka kumi baadaye kuhusu mbuzi mmoja. Kama tunaandika mahari, tunashindwaje kuandika tovuti ya kwaya?

"Mambo ya programu yanabadilika, huwezi kuandika kila kitu." Ni kweli, na hatusemi uandike kila kitu. Andika awamu ya kwanza tu, ya wiki mbili au tatu. Ikiisha, ikilipwa, mnaandika ya pili mkiwa mmejifunza. Karatasi fupi inayobadilishwa kwa makubaliano ni bora kuliko kitabu cha kurasa 40 ambacho hakuna aliyekisoma.

"Sisi wakimbizi nani atatusikiliza?" Hili ndilo linalotuuma zaidi, maana vijana wengi wanalisema kwa sauti ya chini. Rwanda iliingia kwenye Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1980. Kifungu cha 18 cha mkataba huo kinahusu haki ya mkimbizi kujiajiri mwenyewe. Kifungu cha 16 kinampa haki ya kufika mahakamani. Hapa Rwanda mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi, hilo si la kuombea hisani. Lakini haki ya kufika mahakamani bila kitu cha kuonyesha ukifika ni safari tu. Na hata kwa wenye nchi zao tatizo hili lipo. Jiji la New York, mwaka 2017, lilianza kutumia sheria inayosema kazi ya mtu wa kujitegemea yenye thamani ya dola 800 au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kama tarehe ya malipo haikuandikwa, alipwe ndani ya siku 30 baada ya kumaliza kazi. Kama Marekani wameona lazima walinde watu wao namna hiyo, kijana wa Kiziba mwenye laptopu ya kuazima asijione mgomvi kwa kuomba kitu hicho hicho.

Sasa tuwageukie ninyi, ndugu zetu wa mashirika. Tunawashukuru kwa mafunzo, kwa kompyuta, kwa intaneti. Hili tunalisema kwa upendo, lakini tunalisema.

Mnatufundisha miezi sita kutengeneza programu. Siku ya kufundisha kusoma mkataba, kuandika maelezo ya kazi na kupanga bei, tunaitafuta kwenye ratiba hatuioni. Halafu tukimaliza, mnatupongeza kwamba sasa tunaweza kushindana na dunia. Tunashindana na nini, na mikono mitupu?

Pili, tunaomba neno "motisha" liondoke kwenye kazi ya kitaalamu. Kijana akiwafanyia mfumo ambao mngeipa kampuni ya mjini kwa mkataba kamili, msimpe barua ya kujitolea na hela ya nauli. Na msimwambie kwamba malipo yake ni uzoefu. Uzoefu haulipi nyumba Gikondo. Mpeni mkataba ule ule ambao mngeipa kampuni, kwa lugha anayoielewa, na muda wa kuusoma nyumbani kabla ya kusaini.

Tatu, hadidu zenu za rejea. Tunazisoma. Nyingi zinaeleza vizuri malengo ya mradi, wafadhili, "kuwezesha vijana", lakini programu yenyewe inatajwa kwa sentensi moja. Halafu mnataka bei ndani ya siku tano. Kabla ya kutangaza, mlipeni kijana mmoja kwa siku tatu akae na watakaoutumia huo mfumo, aandike maelezo. Hizo siku tatu zitawaokoa miezi. Na malipo: kijana asiye na akiba hawezi kungoja siku 60 baada ya kukabidhi. Fungu la kwanza lije mwanzoni. Mkiweza kutoa avansi kwa mkandarasi wa vyoo, mnaweza kutoa kwa mkandarasi wa programu.

Nne, taarifa za watu. Mfumo mnaotuomba mara nyingi unabeba majina ya wakimbizi, namba zao za simu, idadi ya watoto, hata magonjwa. Hao ni mama zetu. Rwanda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu Oktoba 2021. Lakini kijana anatumiwa orodha nzima kwa WhatsApp "ajaribie programu", na hakuna mstari hata mmoja ulioandikwa kuhusu nani anaruhusiwa kuona nini, na orodha itafutwa lini kwenye laptopu yake. Kijana, ukitumiwa orodha kama hiyo, irudishe, omba majina ya kubuni ya kujaribia. Na ninyi wa mashirika, liandikeni kwenye mkataba kabla halijatokea jambo baya. Familia iliyokimbia watu wenye silaha haitaki kujua kwamba jina lake liko kwenye simu ya mtu asiyemjua.

Vijana, wiki hii kama una kazi mkononi ambayo haijaandikwa, hujachelewa. Usimwambie mteja kwamba humwamini. Mwambie unataka kuimaliza vizuri. Halafu mwandikie haya matano, kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kifaransa, lugha yoyote mnayoelewana:

Programu itafanya hivi.
Haitafanya hivi.
Tutajua imeisha tukiona hivi.
Bei ni hii, kwa mafungu haya, na kodi iko upande wa nani.
Ikiisha, vitu hivi vitakuwa vya nani.

Tuma. Subiri jibu. Likija, endelea na kazi. Lisipokuja, usiandike mstari mwingine wa programu mpaka lije.